Kijana aulize bei ya kutoa

Mtoto akimaliza kidato cha sita na kuanza kutafuta benki, watu wazima humpa ushauri wa aina mbili. Wazazi humwambia aende kwenye benki wanayotumia wao. Walimu humwambia aende kwenye ile iliyokuja shuleni ikagawa fulana na madaftari. Hakuna anayemfundisha swali linalotakiwa kutangulia: nikitaka kutoa hela yangu mwenyewe, kule nitakakoishi, nitakatwa shilingi ngapi?

Mimi ni wakala. Kibanda changu kiko Morogoro, kwenye njia wanayopita wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ninahudumia benki kadhaa pamoja na mitandao ya simu. Kamisheni yangu inatokana na miamala, kwa hiyo kijana akija kutoa mara nyingi mimi napata. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba makato ninayoyazungumzia ndiyo yanayonilisha, na bado nasema yanawaumiza watoto wetu.

Wanaoumia zaidi ni wanaosoma kwa mkopo. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wao wenyewe huiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili. Ikiingia ya siku sitini, ni laki sita. Kijana ambaye hajawahi kushika laki sita huogopa kuzitoa, na ni haki yake kuogopa, maana hosteli zina wezi. Basi anakuja kwangu kila baada ya siku mbili. "Shikamoo mama, nitolee elfu ishirini." Tuseme kila akitoa anakatwa shilingi 1,000. Hadi bumu liishe atakuwa ametoa karibu mara thelathini na kukatwa karibu elfu thelathini. Hicho ni chakula cha karibu siku tatu, na hakuna aliyemwibia.

Makato huenda kwa ngazi. Anayetoa laki moja kwa mkupuo hukatwa kidogo kuliko anayetoa elfu ishirini mara tano. Kadi yako ukiiingiza kwenye mashine ya benki nyingine, mara nyingi unakatwa zaidi kuliko ukiitumia kwenye mashine ya benki yako. Wako pia wanaohamisha hela kutoka benki kwenda kwenye simu, kisha wanaitoa kwa wakala wa simu, wakiamini wamekwepa gharama ya benki. Hapo mtu anaweza kukatwa mara mbili: wakati wa kuhamisha, kisha wakati wa kutoa. Mambo haya yanaeleweka ndani ya dakika tano, lakini wengi wanaofika kwangu wamesoma hisabati miaka kumi na mitatu na hakuna aliyewahi kuwawekea jedwali la makato mezani wakalisoma.

Jedwali lenyewe lipo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki zieleze gharama zao wazi kwa mteja. Kijana ana haki ya kuingia tawini, akasalimia, akasema: naomba kuona makato ya akaunti ya mwanafunzi kabla sijajaza fomu. Atazame ada ya mwezi, ambayo kwenye akaunti nyingi za wanafunzi haipo. Atazame bei ya kadi, bei ya kutoa kwa wakala, bei ya kutoa kwenye mashine, na gharama ya kupeleka hela kwenye simu. Aulize pia akaunti ikikaa muda mrefu bila muamala itafanywaje, kwa sababu wako wanaofungua, wanaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, wanarudi na kukuta imelala na inadai taratibu mpya. Kisha aende benki ya pili aulize hayohayo. Karani akimwona msumbufu, huyo karani hajui kazi yake.

Riba ya akiba mimi naiweka nyuma kabisa. Kwa mtu ambaye salio lake linafika laki sita leo na elfu arobaini mwezi ujao, riba haitamnunulia hata sabuni.

Wazazi huniuliza zaidi kama benki haitafungwa, na hofu hiyo ina msingi. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Wakati ule fidia kutoka Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mwenye akaunti, na waliokuwa na zaidi ya hapo ilibidi wasubiri mali za benki zikusanywe. Kikomo hicho sasa ni shilingi 7,500,000. Kijana wa miaka kumi na minane mwenye laki sita yuko ndani ya kinga hiyo kwa mbali, ilimradi ameweka kwenye benki yenye leseni. Kwa hiyo mzazi asimlazimishe mtoto kwenda benki fulani kwa sababu tu ina jengo refu mjini. Fedha yake itamtoka shilingi elfu moja moja, kibandani kwangu.

Kuna jambo la umri ambalo familia hulichukulia kwa wepesi. Chini ya miaka kumi na minane akaunti hufunguliwa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na hilo sina ugomvi nalo. Mtoto wa miaka kumi na sita anayeuza maandazi likizo na kuweka hela yake chini ya usimamizi wa mama yake anajifunza vizuri. Lakini akifikisha kumi na minane na kupata namba ya NIDA (namba inatosha, kadi yenyewe inaweza kuchelewa), afungue ya kwake kwa jina lake, na namba ya siri aijue yeye peke yake. Nimeona bumu la binti likitolewa na baba kabla binti hajaligusa. Baba alikuwa na shida ya kweli, sikatai. Binti alikula kwa wenzake muhula wote. Mzazi anayetaka kusaidiwa na mwanawe amwombe, kama anavyomwomba mtu mzima mwingine yeyote, akijua kwamba anaweza kuambiwa hapana.

Tena akaunti iunganishwe na laini ya kijana mwenyewe. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyokwisha kuyasema. Wengi wanaingia chuo na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za kaka au mjomba, kwa kuwa walipoipata walikuwa hawajafikisha umri. Ujumbe wa benki unakuja kwenye laini hiyo, namba za uthibitisho vilevile. Siku simu ikipotea, mwenye haki ya kuirudisha laini ni yule ambaye vidole vyake viko kwenye usajili. Kama yuko Sumbawanga na hapokei simu, kijana yuko Morogoro akitazama hela yake bila kuifikia. Na kama mwenye vidole ana nia mbaya, anaweza kuirudisha laini bila kumwambia mtu, kisha ujumbe wote wa benki ukawa unamfikia yeye.

Akishaipata akaunti, atatokea wa kuiomba. Huanza kwa upole: "Mdogo wangu, kuna hela yangu inaingia, akaunti yangu ina shida, nipitishie kwako, utachukua elfu hamsini." Vijana wengi hawaoni ubaya, maana hawajaiba chochote. Lakini hela hiyo ikiwa ya mtu aliyetapeliwa, polisi wataanza na jina lililoipokea, na jina hilo ni la mwanafunzi. Utakatishaji wa fedha ni kosa la jinai. Kwangu pamefika vijana wakitaka kutoa fedha kubwa wasiyoweza kuieleza, huku mtu amesimama pembeni na simu sikioni. Nawarudisha. Wananinunia, na najua wengine wanakwenda kibanda cha pili.

Sisi mawakala tunakutana na vijana hawa mambo yakiwa yameshaharibika. Mahali pa kuyazungumza ni shuleni, kabla ya mtihani wa Mei. Baada ya hapo wanatawanyika, wengine wanaingia kambini, matokeo yanatoka Julai, na kuanzia hapo ni haraka tupu: maombi ya chuo, maombi ya mkopo, vyeti, picha, na akaunti inayofunguliwa kwenye foleni kwa sababu siku ya kujisajili inahitajika.

Wakuu wa shule wanaokaribisha benki kwenye mahafali nawaomba wawe na msimamo. Wasiikaribishe moja peke yake. Zije mbili au tatu siku ileile, na kila moja ije na jedwali lake la makato limechapishwa kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtoto aliyekaa nyuma anaweza kuzisoma. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi laki sita ya kwenye daftari, waitumie kwa siku sitini kwa makato ya kila benki, waone kinachobaki. Benki itakayokataa kuja kwa masharti hayo isipewe ukumbi.