Kivu haikosi mwanga, inakosa mwenye shamba

Goma – Januari 2021, msanii wa Uholanzi, Daan Roosegaarde, alionyesha kazi yake inayoitwa GROW. Karibu na mji wa Lelystad, usiku, taa za LED nyekundu, za buluu na za ultravioleti zilicheza juu ya shamba la puaro la mita za mraba 20,000, yaani hektari 2. Si mapambo matupu. Mwanga wa namna hiyo ukipimwa vizuri unaweza kusaidia mmea ukue na kupunguza dawa za kuua wadudu. Kazi hiyo ilifanywa pamoja na benki ya Rabobank.

Hapa kwetu kuna watakaocheka: Wazungu wanawashia puaro taa! Wanakosea. Msanii alitaka mtu wa mjini, anayekula bila kujua chakula kimetoka wapi, ageuze macho amwone mkulima. Hiyo ni heshima.

Wabaya kuliko wanaocheka ni wale wa semina. Wanaonyesha picha za namna hiyo kwenye ukuta wa hoteli, wanasema mkulima wa Kivu amebaki nyuma kwa kuwa hana teknolojia. Huo ni uongo.

Uholanzi, mwezi wa Januari, mchana ni wa saa 8 hivi. Taa kule ina maana. Masisi na Rutshuru ziko karibu na ikweta: mwanga wa jua ni saa 12, tangu Januari hadi Desemba, na hakuna anayeleta fakitira. Udongo wa volkano upo. Mvua ipo. Maharagwe yanapandwa misimu miwili kwa mwaka. Mmea umepewa kila kitu, anayekosekana ni mwenye shamba.

Yuko wapi? Februari 2025 kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa, familia zikashika njia na magodoro kichwani. Wako waliokuta nyumba imebomolewa. Wako waliokuta shamba limelimwa na mtu mwingine. Wako wanaolala mpaka leo kwa ndugu, watu wengi chumba kimoja, huku wakinunua sokoni maharagwe waliyokuwa wakiuza.

Na wa semina wajue jambo moja. Lelystad imejengwa juu ya ardhi iliyokuwa chini ya maji. Serikali ya Uholanzi iliikausha mwaka 1957, ikaipima, ikaikodisha kwa wakulima. Kila mmoja akajua mpaka wake. Taa ya msanii ilikuja zaidi ya miaka 60 baadaye. Hakuna aliyeanza na taa.

Kwa hiyo wakulima waliohama vita hawaombi miujiza. Wanaomba njia ya kufika shambani bila kupigwa risasi. Wanaomba mabariere yanayokula mavuno yaondolewe. Wanaomba aliyerudi apewe shamba lake, na mjane asinyang'anywe eti hana karatasi. Wanaomba jembe na mbegu kabla mvua haijaanza.

Anayeshika madaraka, awe na bunduki au na muhuri, aanze na hayo manne. Yakishatimia, atakayetaka kuleta taa na azilete. Atamkuta mwenye shamba yuko pale, na atamwuliza kwanza kama anazihitaji.