Haidrojeni ya kinyesi: usisimamishe mtambo wako wa biogesi

Swali hili nimeulizwa mara tatu wiki hii: "Bwana shamba, nasikia siku hizi kinyesi kinatoa haidrojeni, nishati safi isiyo na moshi. Si bora nisubiri hiyo, biogesi niachane nayo?" Jibu langu ni hapana.

Habari yenyewe ni ya kweli. Bakteria wakila taka zenye sukari au wanga mahali pasipo hewa, hutoa haidrojeni. Hata ndani ya mtambo wako wa biogesi inatengenezwa kila siku, ila huipati, maana vijidudu vingine vinaidaka palepale na kuigeuza methani, ndiyo hiyo unayopikia. Anayetaka haidrojeni lazima avizuie hivyo: achemshe tope la kuanzishia, aweke uchachu karibu na pH 5.5, apime kila mara. Hiyo ni kazi ya maabara jamani, siyo ya nyuma ya banda.

Halafu mavuno ni madogo. Sukari ikitoa haidrojeni yote inayowezekana ingetoa sehemu 12. Bakteria hawa, wakijitahidi kabisa, wanatoa 4. Nguvu nyingi inabaki kwenye asidi, kama ile ya siki. Na kinyesi cha ng'ombe ndiyo usiseme: sukari imeshaliwa na vijidudu vya tumboni mwake kabla yako!

Ukiipata, utaiweka wapi? Magari ya haidrojeni huibeba kwa mgandamizo wa mpaka bar 700 (tairi la gari dogo ni kama bar 2). Na moto wake mchana karibu hauonekani. Mtoto akisogea jikoni je?

Viwanda vyenye molasi au mabaki ya bia, hao wajaribu: haidrojeni kwanza, kisha zile asidi ziingie mtambo wa pili zitoe methani. Pale Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yalianza kuzalisha umeme wa biogesi mwaka 2008. Sehemu kama hiyo, yenye taka nyingi na mafundi, inaweza kubeba majaribio.

Wewe mwenye ng'ombe wawili wa ndani, chimba shimo lako. Kinyesi na maji nusu kwa nusu kila asubuhi, tope linalotoka peleka kwenye migomba. Na akija mtu kuchangisha kikundi pesa ya "mtambo wa haidrojeni wa nyumbani", mwambieni awashe jiko kwanza mbele yenu, kwa kinyesi cha zizi lenu.