Kiuno Hakipigi Kura: Somo la Osun kwa Mastaa na Mashabiki Wao

Kuna mwanasiasa mmoja wa Nigeria ambaye klipu zake zimezunguka sana mitandaoni. Mzee wa miaka 60 na ushee, lakini akipanda jukwaani anakata kiuno kuliko vijana. Halafu ni baba mdogo wa staa mmoja mkubwa wa Afrobeats. Jina halihitajiki, wadau mnamjua.

Julai 2022 mzee huyo alishinda ugavana wa jimbo la Osun, na mitandaoni hukumu ikatoka haraka: kacheza, staa kamnadi, kapita. Wengine wakacheka kwamba Wanaijeria wamemchagua dansa.

Sasa twende taratibu. Mwaka 2018 mzee huyo huyo aligombea kiti hicho hicho. Alicheza vilevile. Akawa anaongoza kwa kura 353, ila tume ikasema mshindi hajapatikana, kwa sababu kura zilizofutwa zilizidi hizo 353. Ukarudiwa uchaguzi kwenye vituo 7 tu, kati ya zaidi ya 3,000 vya jimbo zima. Wanadiplomasia wa nje waliofuatilia walilalamikia vitisho kwa wapiga kura. Matokeo yalipotoka, mzee kapigwa kwa kura 482.

Kura 482! Posti ya staa wa kawaida inapata likes hizo kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo kama kucheza ndiko kulikompa ushindi 2022, mbona 2018 hakukumpa? Jibu haliko kwenye klipu. Osun wafanyakazi wa serikali na wastaafu walishaonja miaka ya kulipwa nusu mshahara, na madeni hayo yaliendelea kuwauma. Familia ya mzee nayo haikuanza siasa juzi: marehemu kaka yake alikuwa gavana wa kwanza wa kuchaguliwa wa Osun, mwaka 1992, kabla hata huyo staa hajazaliwa. Na 2022 kulikuwa na mashine za kuhakiki wapiga kura kwa alama za vidole na sura, huku picha za fomu za matokeo ya kila kituo zikipandishwa mtandaoni watu wajionee. Safari hii alipata kura 403,371 dhidi ya 375,027.

Na bado hakulala usingizi. Januari 2023 mahakama ya kesi za uchaguzi ilimvua ushindi, ikawa kesi juu ya kesi mpaka Mahakama ya Juu ilipommalizia mwezi Mei. Mle ndani hoja kubwa ilikuwa hesabu ya kura, kiuno hakikuwa hoja ya kesi.

Sio kwamba staa hana faida. Staa anajaza uwanja, anamfanya kijana asiyejali siasa ageuze shingo. Shida ni pale kijana huyo anaposhea klipu, anacheka, halafu siku ya kura analala. Osun mwaka ule walijiandikisha zaidi ya watu milioni 1.9, waliopiga kura ni kama laki 8 tu. Hao waliobaki nyumbani wangeweza kumchagua yeyote wanayemtaka.

Na nafasi yao haikai wazi. Kwa Wayoruba kuna msemo wa uchaguzi ambao maana yake ni "piga kura, ukapike mchuzi", yaani unauza kura yako upate hela ya kitoweo. Anayenunua kura anafurahi sana vijana wanapobaki kwenye simu, maana wachache wanaokwenda kituoni ndio anaohitaji kuwalipa.

Kumcheka gavana anayecheza ni rahisi, na kumshangilia ni rahisi zaidi. Gavana apimwe kwa mshahara kutoka kwa wakati na dawa kuwepo hospitali. Staa wako akikwambia umchague fulani, msikilize, enjoy muziki, kisha nenda kapange foleni na akili yako mwenyewe.

Wewe unaonaje, mdau: staa anakuletea kura au anakuletea watazamaji?