UFUNDI SI MASHINE

Mnamo mwaka 2007 wataalamu wa maabara ya Profesa George Whitesides, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha chipu ya kupimia maradhi iliyotengenezwa kwa karatasi. Mkojo usiofika tone moja ulipanda wenyewe katika vijifereji vya karatasi ile, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, na rangi ikaonyesha kama mna sukari au protini. Hapakuwa na pampu wala umeme.

Kabla ya hapo, chipu za namna hii zilichorwa katika kioo, au zilimiminwa kwa mpira wa silikoni juu ya kalibu iliyotengenezwa katika chumba kisichoingia vumbi. Chumba hicho si cha kila mwenye haja.

Mwaka 2009 maabara hiyo hiyo ilirahisisha kazi zaidi. Mashine ya ofisini, ichapayo kwa nta badala ya wino, ilichora kuta za vijifereji. Karatasi ikatiwa katika joto, nta ikayeyuka na kupenya hata upande wa pili. Penye nta maji hayapiti. Kazi yote ni ya dakika chache.

Lakini katika miaka ya 2010 kampuni iliyotengeneza mashine hizo iliacha kuziuza. Hapo ndipo penye fundisho letu. Aliyejua kubonyeza kitufe tu, siku mashine yake ifapo na kazi yake imekufa. Bali aliyeelewa kwamba kinachotakiwa ni ukuta wa nta, huuchora kwa kalamu ya nta, au huupiga kwa muhuri wa chuma cha moto, na kazi huendelea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatusemi kwamba kila karatasi yenye nta ni kipimo. Jibu la uongo laweza kumwua mgonjwa, kwa hiyo yapasa kila chipu ilinganishwe na vipimo vilivyokwisha kuaminiwa hospitalini kabla haijafika zahanati.

Twasema hivi: fedha za kununulia vyombo zisitangulie fedha za kufundishia mafundi. Vijana wetu wa maabara wafundishwe kwa nini maji hupanda katika karatasi, na kwa nini nta huyazuia. Mashine huchakaa, ujuzi ulioingia kichwani na mikononi hauna wa kuacha kutuuzia.