"Yangu Haijawahi Kunisumbua" Si Ushahidi

Kama unafuatilia video za bunduki za Wamarekani, na najua mko wengi, hiyo sentensi umeisikia mpaka imekuchosha. Mtu anauliza swali rahisi: hii bastola ni ya kuaminika? Wenye nazo wanajibu kama kwaya. Niko nayo miaka minne, yangu haijawahi kunisumbua. Nimepiga risasi elfu tano, haijakwama hata moja. Shida si bastola, shida ni mkono wako.

Leo nataka kubishana na hiyo sentensi. Sisemi wanadanganya. Wengi wao wanasema ukweli mtupu. Shida ni kwamba ukweli wao unajibu swali lingine.

Najua utaniuliza, sasa bastola zinatuhusu nini sisi wa Rongai na Kayole? Hapa kwetu huwezi kumiliki hata moja bila leseni, na wengi wetu tunaona bastola kwa kiuno cha polisi tu. Sawa. Lakini nimechagua bastola kwa sababu moja: simu ikikosea, unapoteza picha. Bastola ikikosea, mtu anapoteza mguu, ama anazikwa. Kitu kikiwa na uzito hivyo, ndio unaona vizuri kama maoni ya wenye nacho yanatosha ama hayatoshi.

Chukua SIG Sauer P320. Ilianza kuuzwa 2014. Januari 2017 Jeshi la Marekani likaichagua iwe bastola yake mpya, mkataba wa hadi dola milioni 580, ichukue nafasi ya Beretta M9 iliyokuwa kazini tangu miaka ya 80. Jeshini inaitwa M17, na ile ndogo yake M18. Polisi wa miji mingi wakainunua, raia wakainunua. Ukiuliza mwenye nayo wakati huo, jibu ni lile lile: iko sawa, haikwami, nunua.

Halafu ikafika Agosti 2017. Wauza silaha na watengeneza video wakaanza kuiangusha makusudi na kurekodi. Ikianguka kwa pembe fulani, igonge chini na sehemu yake ya nyuma, inafyatuka. Hakuna kidole kimegusa kitu. Sababu yake unaielewa kama umewahi kupanda matatu: dere akifunga breki ghafla, gari linasimama lakini wewe unaendelea mbele. Bastola ilikuwa inasimama, na kifyatulio, kwa sababu kilikuwa kizito, kinaendelea na safari kama kimevutwa. Kampuni ikasema bastola ilikuwa imefaulu vipimo vyote vya Marekani, lakini mwezi huo huo ikatangaza kwamba mwenye nayo anaweza kuirudisha ibadilishwe vipuri vya ndani bure. Kifyatulio kipya kikawa chepesi.

Sasa simama hapo kidogo. Kati ya 2014 na Agosti 2017, wale wote waliosema "yangu haijawahi kunisumbua" walikuwa wanadanganya? Hapana. Bastola zao zilikuwa hazijawasumbua kweli. Ni nani mwenye akili zake atajaza bastola risasi aiangushe kwa simiti ndio aone? Kasoro ilikuwa kiunoni mwao miaka mitatu, na uzoefu wao wote haukuwa na njia ya kuiona.

Hapo ndipo watu wanachanganya mambo mawili. Kuna bastola kukubali: unavuta kifyatulio, risasi inatoka, haikwami. Na kuna bastola kukataa: hujavuta kifyatulio, kwa hivyo risasi haitoki, hata ikianguka, hata ikigongwa na mlango wa gari. Mwenye bastola anaenda kupiga shabaha Jumamosi na anapima lile la kwanza mara mia mbili. La pili halipimi kabisa. Halafu akija kwa kamera anatumia neno moja tu, "ya kuaminika", na wewe unasikia kama amepima yote.

Na hata hilo la kwanza hajalipima vile anadhani. Mimi sikumaliza chuo, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Ukipiga risasi 500 na hakuna iliyokwama, takwimu zinakuruhusu useme hivi tu: kwa uhakika wa asilimia 95, haikwami zaidi ya mara moja kwa kila risasi 170 hivi. Basi. Hiyo 500 inasikika kubwa kwa video, lakini ahadi iliyo ndani yake ni ndogo.

Njoo sasa kwa kitu cha nadra. Tuseme, ni mfano tu, bastola moja kati ya 10,000 ina kasoro mbaya. Tafuta wenye nazo mia moja uwaulize. Uwezekano ni asilimia 99 kwamba wote mia watakuambia iko poa, bila mmoja kulalamika. Wote mia wakweli. Lakini kama zimeuzwa milioni moja, kuna bastola 100 mbovu zinatembea mtaani, zimeelekezwa paja la mtu. Kwa hivyo watu mia kukubaliana hakumaanishi kitu kiko salama. Kunaweza kumaanisha tu hujafika kwa yule wa 10,000.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wenye bastola wanapenda hiyo hoja: kama huna, nyamaza. Ina ukweli wake. Kunguni anayeuma kila usiku, mwenye kitanda ndiye anamjua. Lakini kunguni anayeuma mtu mmoja kati ya elfu kumi, mwenye kitanda atalala miaka ishirini akiapa hayuko.

Baada ya 2017 hadithi haikuisha. Watu waliendelea kusema P320 zao, hata zilizobadilishwa vipuri, zimefyatuka zikiwa kiunoni ndani ya ala yake. 2023 Washington Post pamoja na The Trace waliripoti kwamba zaidi ya watu 100 wamedai hivyo, na angalau 80 kati yao waliumia. Wengi wa waliolalamika hawakuwa watu wa kuokota bastola jana. Kulikuwa na polisi, watu ambao kubeba silaha ndiyo kazi. Polisi wa mji wa Milwaukee wakaachana nazo wakahamia Glock. Mwaka wa 2024 majaji raia wa Georgia waliamua mlalamikaji mmoja alipwe dola milioni 2.35, na wale wa Philadelphia wakampa mwingine dola milioni 11. Kampuni yenyewe inashikilia mpaka leo kwamba P320 haiwezi kufyatuka bila kifyatulio kuvutwa, na kuna kesi kadhaa ambazo imeshinda au zimetupwa nje.

Kama umeanza kupiga makofi upande wa wanaoilaumu, ngoja. Julai 2025 mwanajeshi wa anga aliuawa na M18 kwenye kambi ya F.E. Warren, Wyoming. Kikosi chake kikasitisha matumizi ya bastola hizo. Mtandaoni kesi ikawa imeisha siku hiyo hiyo: si tuliwaambia, inajifyatua yenyewe! Mwezi uliofuata mwanajeshi mwingine akakamatwa kuhusiana na kifo hicho, akishukiwa pia kutoa taarifa ya uongo, na bastola zikakaguliwa zikarudishwa kazini. Yaani wale waliokuwa na uhakika kwamba bastola ni mbovu walikimbia mbele ya ushahidi vile vile kama wale waliokuwa na uhakika kwamba ni nzuri.

Ndio maana mimi sikuambii P320 ni mbovu au ni nzuri. Nakuambia pande zote mbili zilikuwa zinatumia njia moja mbovu: kisa kimoja, halafu hukumu.

Sasa kwa nini mwenye kitu anakitetea hivi, hata akionyeshwa video? Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mtu ametoa mamia ya dola, amenunua ala, amenunua magazini za ziada, amewaambia marafiki zake wanne wanunue. Ukimwambia ina kasoro, hasikii habari ya springi na kifyatulio. Anasikia kwamba amechagua vibaya na amewaingiza marafiki hatarini. Atakubishia mpaka asubuhi. Na bastola ni kitu unachokiamini kwa maisha yako, unalala nayo karibu. Kukubali kwamba inaweza kukugeuka ni kukubali kwamba umekuwa ukilala na hatari.

Ongeza sisi tunaotengeneza kontenti. Hii kazi naijua kwa sababu ndiyo inanilipia nyumba. Ukipewa kitu bure na kampuni, unakaa nacho wiki moja, unarekodi dakika nane, unasema "mpaka sasa hakijanisumbua". Wiki moja! Na si lazima mtu akuhonge ndio useme vizuri. Inatosha kujua kwamba ukisema vibaya, mwezi ujao kifurushi hakiji. Mtu akirivyu kitu ambacho makosa yake yanaua, na hajakuambia amekipata vipi na amekaa nacho siku ngapi, huyo anakuuzia tu.

Kuna jambo lingine, na hili wengi hawalijui. Marekani kuna tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa, ya kuanzia 1972. Inaweza kushughulikia kibaniko cha mkate, kitanda cha mtoto, hata bastola ya kuchezea. Bastola halisi? Sheria imeiondoa mikononi mwake. Hakuna ofisi ya taifa inayoweza kuamuru kampuni irudishe bastola mbovu. Ndiyo maana ile ya 2017 ilikuwa hiari. Taurus, kampuni ya Brazil, iliposhtakiwa Marekani kwamba bastola zake za aina tisa zinaweza kufyatuka zikianguka, ilikubali suluhu iliyohusu karibu bastola milioni moja huku ikikana kosa. Hiyo ilitoka mahakamani, si kwa mkaguzi. Na Mei 2025 jimbo la New Hampshire, ambako SIG ina makao yake, lilipitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji dhidi ya kesi za aina fulani kuhusu vizuizi vya usalama ambavyo bastola haina.

Ukiondoa refa uwanjani, mashabiki ndio wanabaki kuamua kama ilikuwa goli. Hapo ndipo maoni ya wenye bastola yalipopata nguvu yasiyostahili. Hawakuiomba. Waliachiwa.

Na hapa ndipo naturudisha nyumbani. Sisi refa tunaye. Katiba yetu, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Kuna KEBS na nembo yake. Lakini angalia vile tunanunua. Helmeti ya boda: "Mimi nimevaa hii miaka mitatu, iko sawa." Umeanguka nayo? "Hapana." Basi hujaijaribu, umeivaa tu! Mtungi wa gesi uliojazwa nyuma ya kibanda: "Huyu jamaa ananijazia tangu 2020, hakuna shida." Tairi za mitumba, chaja za mia moja, extension inayoshika friji, tivi na pasi pamoja. Vyote hivi ni kama P320. Vinakubali kila siku, na siku ya kukataa hujawahi kuipima.

Kwa hivyo maoni ya wenye vitu tuyatupe? Hapana. Kumbuka walioionyesha hadharani kasoro ya 2017 hawakuwa serikali. Walikuwa watu wa kawaida wenye bastola na kamera. Lakini walifanya kitu tofauti: hawakusema "yangu iko sawa". Walijiuliza ni hali gani inaweza kuivunja, wakaenda kuitafuta, wakaonyesha namna walivyofanya ili mwingine arudie. Malalamiko nayo yana kazi kuliko sifa. Sifa elfu moja zinakuambia kitu kinafanya kazi siku ya kawaida, na hilo ulilijua. Malalamiko kumi yanayofanana, kutoka kwa watu wasiojuana, yanakuambia mahali pa kuchimba.

Ukimsikia mtu anasifia kitu ambacho kinaweza kukuumiza, muulize maswali matatu. Umekijaribu katika hali ambayo kinaharibikia, ama umekitumia tu? Umelipia ama umepewa? Na kikiharibika, kuna mtu mwenye nguvu za kulazimisha kirudishwe? Akikwama kwa yote matatu, mshukuru kwa muda wake, halafu endelea kutafuta.

Na wewe ukiulizwa kuhusu kitu chako, usione haya kusema: mimi hakijanisumbua, lakini sijawahi kukiangusha. Hilo jibu ni fupi na halipati likes. Lakini mtu anayetaka kununua anaweza kulitumia.