Nilimjengea mama chumba cha jua, yeye akahamia chini ya mwembe

Jamani nipo. Kimya changu cha wiki mbili kilikuwa cha safari. Nilikwenda nyumbani Lusu, kule Nzega, kumwona mama. Nimerudi Dar na aibu kidogo, na nimeona bora niitoe hapa kuliko kubaki nayo kifuani.

Iko hivi. Tangu baba afariki, mama anaishi na mjukuu mmoja tu kwenye ile nyumba yetu ya tofali za kuchoma. Mbele kulikuwa na kibaraza cha kawaida kabisa: sakafu ya saruji, kiukuta kifupi cha kukalia, nguzo tatu na bati. Sisi watoto tuliosoma tukakiona kibaraza kile kama nyumba ambayo haijaisha. Vumbi linaingia, kuku wanapanda, kila apitaye njiani anajua leo mnakula nini.

Mimi nikawa nimeona kwenye intaneti picha za vyumba vya jua vya wenzetu wa Ulaya. Vioo kuanzia chini hadi juu, kochi, maua, mtu kashika kikombe cha kahawa anatazama bustani. Nikajisemea, hivi mama yangu hastahili starehe hiyo? Nikamshawishi kaka, tukachangishana, posho zangu za miezi kadhaa zikaishia humo. Fundi wa alumini akatoka Nzega mjini na kibaraza kikafungwa vioo vitupu, tena vile vya giza ambavyo ukiwa nje unajiona mwenyewe. Nilipotumiwa picha nikawaonyesha wenzangu wote pale chumba cha habari.

Sasa nafika Lusu, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Namkuta mama amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe anabangua karanga.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku nje?"

"Marahaba baba. Hebu ingia wewe ukakae kwenye vioo vyako, ukitoka utaniambia."

Nikaingia. Sikumaliza dakika kumi. Shati lilinigandia mgongoni kama nimetoka kuoga. Na mama hakuwa amekiacha chumba kikae bure. Kilipofika kiangazi alitandika humo matobolwa, akaacha dirisha moja wazi, yakakauka vizuri kuliko kwenye jiwe. Hakuna vumbi, hakuna kuku. Yaani mwanaye msomi kamjengea kikaushio cha viazi chenye kochi ndani.

Hebu tujiulize, wenzetu wanavijenga kwa nini? Wana sababu. Kwao wakati wa baridi jua ni la kutafuta kwa tochi, linapita chini chini na kutoweka mapema. Vyumba vile asili yake ni nyumba za vioo ambazo matajiri wa Ulaya walihifadhia michungwa ili isife kwa baridi. Mwanga unapita kwenye kioo, unapasha moto sakafu na vitu vilivyomo, na lile joto linashindwa kutoka. Huko ni neema. Sasa Nzega iko nyuzi nne na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa kumi jua la adhuhuri linakaa karibu utosini, halafu jioni linashuka magharibi, na nyumba yetu inatazama magharibi! Michungwa yetu inaota nje bila kubembelezwa. Tulikuwa tunamhifadhi nani na baridi gani? Sawa, asubuhi za Juni na Julai kule kwetu zina ubaridi, na mama anakiri kwamba saa moja asubuhi chumba kile ni kizuri. Lakini huwezi kujenga nyumba kwa ajili ya miezi miwili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jibu tulikuwa nalo kabla hatujazaliwa. Nendeni Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora mjini, mkaione ile nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, miezi kadhaa, akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Kuta nene za udongo zinazopokea joto taratibu, paa la bapa, ua katikati, mlango wa nakshi. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara Waarabu wameshatulia, na utaratibu wa kupokea wageni barazani umeshatoka nao pwani. Wasukuma nao wana shikome, moto wa jioni ambapo wazee na vijana wanakaa kuzungumza. Kila kabila lilijua kwamba nyumba inahitaji mahali ambapo si ndani wala si nje.

Na sikilizeni lugha yenyewe. Tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani, Baraza la Mitihani, baraza la kata. Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi, na ukitembea Mji Mkongwe unakuta mabaraza yenyewe, vile viti vya mawe kando ya kuta, watu wamekaa wanabishana siasa na mpira. Taasisi zetu kubwa zimeazima jina la mahali pa kukaa mbele ya nyumba. Halafu mimi nikamwita fundi akalifunge kwa vioo.

Tena joto lilikuwa jambo dogo. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alinivuta pembeni akaniambia jambo ambalo mama mwenyewe hakunieleza. Mwezi wa sita mjukuu alikuwa amekwenda kwao likizo, mama akashikwa na homa, akalala siku mbili ndani. Zamani, mama asipoonekana kibarazani asubuhi, wa kwanza kupita angepiga hodi. Safari hii watu walipita, wakaona vioo vimefungwa vinang'aa, wakadhani amesafiri kwa wanawe. "Na kuingia kwenyewe tunaogopa," jirani akaniambia, "tutavulia wapi ndala zetu zenye matope?"

Niliposikia hivyo niliishiwa maneno. Starehe niliyoinunua kwa posho ilikuwa nusura inifiche mama yangu.

Najua mtasema: wezi je? Mbu je? Vumbi je? Ni hoja za kweli. Lakini kuna wavu wa mbu, kuna matofali ya matundu yanayopitisha upepo, kuna grili, kuna pazia la mkeka unalolishusha jua likizidi. Vyote hivi ni rahisi kuliko alumini, na hakuna kimoja kinachomzuia jirani kusema hodi. Wewe unayemjengea mzazi, kabla hujamtumia fundi picha ya kwenye simu, jiulize nyumba inatazama wapi na jua linazama wapi. Halafu muulize atakayeikaa. Mimi sikumuuliza. Nilitaka kumshangaza.

Nimemwambia kaka vioo vya mbele vitoke. Amekataa, anasema watu wa Lusu watasema tumefilisika mpaka tunauza madirisha. Tumebishana kwenye simu siku tatu. Mwishowe mama akaamua mwenyewe: mbele pafunguliwe, vioo vya pembeni vibaki kwa ajili ya matobolwa yake. Fundi anadai alumini iliyokwishakatwa haiuziki, kwa hiyo hasara ni yetu. Nitailipa, mshahara wa mwezi huu ukitoka.

Mwaka kesho nikienda nataka nimkute kibarazani, na majirani wasiopungua watatu. Nyinyi mmejenga nini kwenu?