MTI WA JIRANI UKIANGUKIA GARI



Kila masika yakikaribia swali moja huzuka: mti wa jirani ukiangukia gari langu, nani atalipa? Wengi hujibu upesi kwamba mwenye mti ndiye mlipaji. Sheria haisemi hivyo, na mwenye kulitegemea jibu hilo aweza kupoteza gari pamoja na ujirani.

Tuwatazame wenzetu wa Zirai, katika milima ya Usambara. Nao hulima karafuu, iliki na mdalasini. Tuseme gari limelala kando ya mpaka wa shamba, limekwisha kupakiwa magunia ya kushuka nayo Muheza. Usiku mvua yanyesha, udongo walainika, na mti mkubwa wa jirani wang'oka na kulibonyeza paa.

Hapo haitoshi kuuliza mti ni wa nani. Huulizwa: je, mwenyewe alijua, au ilimpasa kujua, kwamba mti ule ni hatari? Msingi huo tumeurithi katika sheria za Kiingereza, zilizopokewa Unguja na Pemba kwa kipimo cha mwaka 1897, na Tanganyika kwa kipimo cha 1920. Katika kesi moja ya London, iliyomo katika ripoti za 1951, mti uliangukia gari lililokuwa likipita. Mizizi ilikuwa imeoza, lakini kwa nje hapakuwa na dalili. Wenye mti wakaonekana hawana kosa. Mti uliokauka, ambao jirani amekwisha kuonywa juu yake, ni habari nyingine. Na tufani je? Ile ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Nani angeshitakiwa?

Sasa bima. Bima ndogo, ambayo kila mwenye gari hulazimishwa kuwa nayo, ni kwa ajili ya watu wengine wanaodhurika kwa gari lako. Haitengenezi gari lako. Bima kubwa ndiyo hulitengeneza, kwa masharti yaliyoandikwa, nawe huenda ukabeba sehemu ya gharama. Kampuni ikisha kulipa, yaweza kumdai jirani aliyezembea. Kwa hiyo usipatane naye kwa siri kabla ya kuiarifu kampuni. Ukiona umedhulumiwa na kampuni, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Maoni yetu ni haya. Wako wasemao kwamba kumwandikia jirani barua ni kumtafutia ugomvi. Hatukubali. Ugomvi huja baada ya gari kupondeka, kila mtu akiapa kwamba hakuambiwa. Mwendee kwanza kwa salamu, mwonyeshe mti, kisha andika barua ya upole, sheha au mtendaji wa kijiji awe shahidi, nawe ubaki na nakala. Ukisha kuandika, usilaze gari lako chini ya mti ule ule.

Nawe mwenye mti, usiipokee barua kwa hasira. Hapa visiwani mkarafuu haukatwi ila kwa ruhusa. Basi iombe mapema, kabla mvua haijakutangulia.

Tahadhari kabla ya athari.